Nilichojifunza kwa kuhesabu makala za sera ya elimu nikiwa Iringa

Februari 2013 nilikuwa nafundisha Historia na Uraia katika shule ya kata moja wilayani Mufindi, mwaka wangu wa tano kazini. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka tuliyabandika kwenye ubao wa matangazo, kisha walimu wote tukaingia ofisini na kufunga mlango, maana hakuna aliyekuwa na la kuwaambia watoto. Nchi nzima, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume. Mwezi Mei matokeo yakapangwa upya na sifuri zikapungua kwenye karatasi. Lakini nilikuwa na wasichana wawili, niliowapokea tangu kidato cha kwanza, ambao wangekusimulia vita vya Lugalo vya 1891 kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kihehe mpaka mwili ukusisimke. Kwa Kiingereza hawakuwa na hata sentensi tatu za kuunganisha. Na mtihani uliwauliza kwa Kiingereza.

Nilirudi masomoni kwa ajili ya wale wawili. Nilitaka kuandika kitu kitakachomfikia mtu mwenye uwezo wa kubadilisha jambo. Wakati huo niliamini njia ni moja tu: fanya utafiti, chapisha kwenye jarida la kitaaluma, wakubwa watasoma, sera itafuata.

Baada ya shahada ya uzamili nikapata ajira ya mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Iringa. Ukiingia kazi hii unakuta hesabu imekwisha kupangwa: umechapisha makala ngapi, katika jarida gani, umenukuliwa mara ngapi. Kupanda daraja kunategemea hayo. Mimi nilikuwa na data niliyoithamini kuliko chochote, ya shule tisa za Kilolo na Mufindi, nilizozizunguka kwa bodaboda msimu wa mvua wa 2015, na walimu walinipa muda wao wa mapumziko wakaniambia mambo ambayo hawakuwahi kumwambia mkaguzi.

Basi ikaja barua pepe, ikiniita Profesa. Makala yangu itapitiwa na kuchapishwa ndani ya wiki moja, ada dola 150. Nikakopa kwenye kikoba chetu cha akina mama wa Kihesa. Siku ya nne nikajibiwa kuwa imekubaliwa, bila swali hata moja, bila nukta kubadilishwa. Furaha niliyokuwa nayo siku ile inaniuma hadi leo, kwa sababu ukimya wa wahakiki ndio ulipaswa kuniamsha. Kamati ya chuo iliikataa makala ile. Miaka miwili baadaye tovuti ya jarida ikatoweka, na maneno ya walimu wa shule tisa yakatoweka nayo. Kuipeleka kwingine sikuweza, maana ilikwisha kuchapishwa. Fedha za kikoba nilizirudisha kwa miezi mitano. Deni la wale walimu bado nimelibeba.

Baadaye ndipo nikajua kuwa biashara ile ni kubwa na ina historia. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Denver, alikuwa ameweka hadharani orodha ya wachapishaji wa namna hiyo kwa miaka kadhaa, mpaka alipoiondoa Januari 2017. Mwenzangu mmoja alikuwa na nakala yake kwenye kompyuta muda wote tukiwa tunakaa ofisi moja, sikuwahi kumuuliza. Siku hizi mwanafunzi akiniletea jina la jarida, namwambia afungue matoleo matatu ya nyuma asome makala yenyewe, kisha amtafute mmoja wa walioorodheshwa kama wahariri amuulize kama anajua kuwa yumo. Lakini siwaambii wakimbie kila jarida linalotoza ada. Yapo mengi ya uwazi, yaani yeyote huyasoma bure, ya halali, yanayotoza na kuhakiki kwa ukali, na mengi husamehe ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini ukiomba kabla ya kuwasilisha. Watu wetu hawaombi. Wanadhani kuomba ni aibu.

Nilipoanza uzamivu, msimamizi wangu aliniambia nisikimbilie shuleni tena. "Kwanza nichoree," alisema, "nani ameandika nini kuhusu sera ya elimu ya Tanzania tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967, na nani anamsikiliza nani." Nilidhani ni kazi ya mwezi mmoja. Ilinichukua karibu mwaka na nusu.

Chanzo cha kazi ya namna hii ni wazo la Eugene Garfield, Mmarekani aliyependekeza mwaka 1955 kuwa makala zipangwe kwa kufuata marejeleo: ukijua nani amemnukuu nani, unaweza kufuata wazo kama unavyofuata nyayo kwenye tope. Taasisi yake ya Philadelphia ikaanza kutoa faharasa ya manukuu ya sayansi miaka ya 1960, na ya sayansi za jamii 1973. Kutoka hapo kikazaliwa kipimo cha athari cha jarida, ambacho vyuo vyetu vinakitaja kama maandiko. Hesabu yake ni fupi: chukua idadi ya mara ambazo makala za jarida za 2022 na 2023 zimenukuliwa ndani ya 2024, gawa kwa idadi ya makala hizo. Kama makala ni 40 na zimenukuliwa mara 80, kipimo ni 2. Ni miaka miwili tu inayohesabiwa. Katika elimu, miaka miwili ni muda ambao mtoto ametoka kidato cha kwanza akaingia cha tatu. Sera iliyotangazwa alipoanza haijamaliza hata kuteremka hadi kata.

Nilipakua rekodi za makala usiku, kwa bando la usiku, nyumbani Gangilonga, Juni na Julai baridi ikiwa kali na jiko la mkaa miguuni. Nyingine nilitumiwa na rafiki aliyekuwa akisoma Afrika Kusini, kwa sababu chuo chetu hakikuwa kikilipia kanzidata kubwa. Programu niliyotumia, VOSviewer, ilitengenezwa Leiden, Uholanzi, na ni ya bure. Inachukua maneno ya msingi ya kila makala na kuyachora kama viduara: neno linalotumika sana linapata kiduara kikubwa, na maneno yanayoandamana yanasogezwa karibu, mpaka unapata ramani. Majina ya waandishi nayo huchorwa hivyohivyo.

Jambo la kwanza nililoliona ni mawimbi. Baada ya 1967 watu waliandika kuhusu kujitegemea. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 na UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, ya 1977, wakaandika kuhusu uandikishaji. Ikaja mikutano ya dunia ya Elimu kwa Wote, wa Jomtien, Thailand, wa 1990 na wa Dakar, Senegal, wa 2000, maneno yakageuka yakawa fursa, jinsia, ubora; baada ya malengo ya maendeleo endelevu ya 2015 yakawa ujifunzaji na matokeo yake. Nilikaa na ile picha nikatambua kuwa nimeishi ndani yake. Mimi ni mtoto niliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya UPE miaka ya 1990, na wadogo zangu wakasoma bila ada Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza 2002. Kila wimbi lilianza na mkutano na fedha, na utafiti ukafuata nyuma. Hili lilinisumbua, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kinyume chake.

Jambo la pili lilitokana na majina. Mwalimu wangu mmoja wa zamani, mtu aliyeandika kwa miaka thelathini, alitokea kwenye ramani yangu kama watu watatu: mara jina lake na la baba, mara herufi za mwanzo na la ukoo, mara ya tatu la ndoa. Kuna kipimo kinachoitwa h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na h ya 10, una makala kumi ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara kumi. Mgawanye mtu mara tatu, h yake inakuwa ya mwanafunzi. Nilitumia wiki nzima kuunganisha majina ya Watanzania kwa mkono, nikiwapigia simu wenyewe niliowafahamu. Wengi hawakujua kuwa wamegawanyika. Ndiyo maana sasa hivi nahimiza kila mwanafunzi wangu ajisajili ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, kabla ya makala ya kwanza, achague namna moja ya kuandika jina lake na asiibadilishe hata akiolewa. Ni bure, ni dakika tano.

Jambo la tatu ni vichwa vya makala. Karibu kila makala kuhusu shule zetu ilikuwa na neno "Tanzania" kwenye kichwa. Makala kuhusu shule za Marekani mara nyingi zilisema tu "shule", "walimu", "wanafunzi", kana kwamba dunia nzima ni wao. Nilidhani ni macho yangu, mpaka 2022 watafiti wawili walipochapisha uchambuzi wa vichwa vya makala zaidi ya nusu milioni za sayansi za jamii wakaonyesha jambo hilohilo: tafiti za nchi za Kusini hutaja mahali mara nyingi zaidi kuliko za Kaskazini. Anayetaja mahali husomwa kama habari za mahali. Asiyetaja husomwa kama nadharia. Mwaka uliofuata mhakiki wa makala yangu aliniuliza kwa nini msomaji asiye Mtanzania aijali Kilolo. Lilikuwa swali halali na nililijibu kwa aya mbili nzuri. Ila sijawahi kusikia mtu wa Chicago akiulizwa kwa nini msomaji wa Kilolo aijali Chicago.

Kiduara kikubwa kuliko vyote kwenye ramani yangu kilikuwa lugha ya kufundishia. Sikushangaa, maana ndicho kilichonipeleka shuleni. Kilichoniumiza ni kuona kina umri gani. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kuwa sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili, serikali haikukubali. Mwaka 1984 Criper na Dodd, waliokuja kuchunguza Kiingereza mashuleni, wakaonyesha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Kilichofuata kikawa mradi wa kuimarisha Kiingereza. Kuanzia 2002 mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia, LOITASA, wa akina Birgit Brock-Utne, Martha Qorro na Zubeida Desai, ukazilinganisha Tanzania na Afrika Kusini na kutoa vitabu kadhaa. Sera ya 2014 ikaandika kuwa Kiswahili kitatumika ngazi zote, na Kiingereza nacho kiendelee. Madarasa ya sekondari yakabaki vilevile. Zaidi ya miaka thelathini, rafu nzima ya tafiti zinazokubaliana, zinanukuliana kwa wingi, na wasichana wangu wawili walikaa kwenye mtihani uleule.

Nikaanza kutafuta tafiti ambazo zilisogeza fedha kweli, nione zina nini. Ya kwanza niliyoisoma mara nyingi ni hesabu ya George Psacharopoulos, mchumi wa Benki ya Dunia, kuhusu faida ya kuwekeza katika elimu. Toleo lake linalojulikana zaidi lilitoka 1994. Alikokotoa kuwa shilingi inayowekwa elimu ya msingi huirudishia jamii zaidi ya inayowekwa chuo kikuu. Wachumi wengi wamezikosoa namba zile. Lakini zilikuwa na umbo ambalo mtu wa hazina anaweza kulishika: weka hapa, toa kule. Vyuo vikuu vya Afrika vilipitia miaka migumu, na hoja ile ilikuwa mezani.

Nyingine ni KiuFunza, jaribio lililofanyika hapahapa nchini katika shule za msingi 350 na kuchapishwa 2019 katika jarida la uchumi la Marekani ambalo kila mchumi analiota. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya fedha peke yake, nyingine walimu waliahidiwa motisha kwa matokeo ya wanafunzi, nyingine vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Motisha peke yake ilionyesha dalili kidogo. Vyote pamoja viliinua. Nilipowasomea walimu wa Mafinga, walitikisa vichwa kama watu wanaosomewa barua yao wenyewe.

Ya tatu ni ya Kenya, na kwangu ndiyo yenye fundisho kubwa. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichapisha 2009 matokeo ya kugawa vitabu vya kiada katika shule za Busia. Vitabu viliwasaidia wale tu waliokuwa tayari mbele. Sababu wanayoieleza waandishi wenyewe: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza ni lugha ya tatu. Huu ni utafiti kuhusu lugha! Lakini fuatilia wanaounukuu: mara nyingi unaletwa kuthibitisha kuwa vitabu havisaidii. Utafiti ulifika mbali, na njiani ukaacha mzigo uliokuwa muhimu kwetu. Tangu nilipoona hivyo, idadi ya manukuu haiwezi tena kuniambia chochote mpaka nisome sentensi iliyonukuu.

Na kuna Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu. Kuanzia 2010 vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto hadithi ya darasa la pili wasome. Matokeo yakatoka kwa Kiswahili, yakasomwa redioni, na mama aliyekaa Ipogolo akauliza mwanawe anaweza nini. Sidai kuwa Uwezo peke yake ndio uliofanya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) iwe neno la kila ofisi ya elimu na mtaala wa darasa la kwanza na la pili uandikwe upya katikati ya miaka ya 2010. Ila kwenye ramani yangu ya majarida ilikuwa kiduara kidogo sana, na katika vijiji vya Kilolo kila mwalimu aliijua kwa jina.

Nilipeleka ramani yangu kwenye kikao cha walimu wakuu, nikiwa nimeichapisha kwa rangi kwenye karatasi kubwa. Nikaeleza kila kiduara. Mwisho akainuka mama mmoja, mwalimu mkuu aliyebakiza miaka miwili kustaafu, niliyekuwa nimemhoji 2015.

"Mwanangu, kamwene."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya ya lugha tulikwambia ukiwa na lile daftari la bluu. Leo umeyarudisha yakiwa na rangi, nashukuru. Sasa nisaidie. Mimi kesho nikimwendea mkurugenzi nikamwambia watoto hawaelewi Kiingereza, ataniuliza nifanye nini, na kwa shilingi ngapi. Nimjibu nini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye rekodi zangu, nikazipitia zile za lugha moja moja nikitafuta shilingi. Zilithibitisha tatizo kwa ustadi, tena na tena, kwa mbinu bora kila mara. Zilizosema nini kifanyike Jumatatu asubuhi katika shule yenye ruzuku ndogo, na kwa bei gani, niliweza kuzihesabu kwa vidole. Nasi tuliandika zote kwa Kiingereza, tukikitetea Kiswahili kwa watu wasiokisoma. Silaumu waliotangulia, walisafisha njia kwa gharama zao, na mimi mwenyewe nilikuwa nafanya vilevile.

Nikaandika kurasa mbili kwa Kiswahili. Kisha mimi na walimu watatu wa sayansi tukatengeneza orodha ya istilahi za Baiolojia za kidato cha kwanza, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili na maelezo mafupi upande wa pili, maana walimu walikuwa tayari wakifafanua kwa Kiswahili darasani, kwa kujificha. Kudurufu nakala moja pale Miyomboni ilikuwa shilingi 1,500. Niliandika bei hiyo juu kabisa. Afisa elimu kata aliichukua akaipeleka kwenye shule nyingine bila kuniambia. Nilijua mwalimu wa huko aliponipigia kunisahihisha maneno manne, na alikuwa sahihi kwa matatu. Hakuna kanzidata iliyoihesabu. Makala yangu ya jarida, iliyonichukua miezi kumi na minne mikononi mwa wahakiki wazuri, nayo ilitoka na ninaiheshimu. Iliniwezesha kupanda daraja na kukaa kwenye vikao ambavyo zamani nisingekaribishwa. Nahitaji zote mbili. Nilichokosea ni kudhani kuwa moja itafanya kazi ya nyingine.

Jarida la sera ya elimu linaloweza kupokea makala kwa lugha zaidi ya moja si ndoto. Gene Glass alianzisha moja Marekani mwaka 1993, la bure kwa msomaji tangu mwanzo, nalo huchapisha kwa Kiingereza, Kihispania na Kireno. Sisi tuna majarida ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaitwayo Kiswahili na Mulika, ila hayo ni ya lugha na fasihi. Mtu akiandika kwa Kiswahili kuhusu ruzuku ya shule au mimba za wanafunzi, hana pa kuipeleka ambapo atahesabiwa. Nimelisema hili kwenye kila kikao ninachokaa, na nitaendelea kulisema.

Wakati tunasubiri, tumeanza na kilicho karibu. Kwenye maktaba yetu kuna rafu za tasnifu za wanafunzi, nyingine zimepigwa chapa kwa mashine za zamani, zinazungumzia shule za Isimani, Pawaga, Ludewa, Mbarali. Hazimo kwenye ramani ya mtu yeyote. Kila Ijumaa mchana wanafunzi wanne na mimi tunaketi na mkutubi, tunaandika kwenye kompyuta kichwa cha kila kazi, mwaka, wilaya, lugha, na sentensi mbili za kilichoonekana. Ijumaa iliyopita tulifika rafu ya nne. Mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Rungwe alikuta tasnifu kuhusu shule ya msingi aliyosoma yeye mwenyewe, iliyoandikwa kabla hajazaliwa. Akakaa sakafuni, akaanza kuisoma kuanzia ukurasa wa shukrani. Nilimwacha, nikachukua zamu yake ya kuandika.